Neno la Mkulima Katika Karatasi ya Polisi

Nilipokuwa na miaka 19, familia ilinituma kwenda kumtafsiria baba mdogo mbele ya OPJ. Kesi ilikuwa ya shamba. Baba mdogo anasema Mashi. Kiswahili anakisikia, lakini penye mambo mazito hakitegemei, na Kifaransa hana. OPJ alikuwa anaandika PV kwa Kifaransa. Mimi nilikuwa nimepata diploma ya serikali, kwa hiyo nyumbani nilihesabiwa kuwa mtu wa Kifaransa. Baba mdogo akaeleza kwamba babu alipata shamba lile kwa kalinzi. Nilisita kidogo, kisha nikasema: «location». OPJ akaandika. Baba mdogo akatia kidole kwenye wino, akagusa karatasi, tukarudi nyumbani.

Wanaotoka Bushi wanajua nilichoharibu. Kalinzi si kupanga. Ni malipo yanayotolewa mara moja kwa mwenye mamlaka juu ya ardhi, zamani kwa ng'ombe, na baada yake mtu analima, anazeeka, anawarithisha watoto, akibaki na heshima na wajibu kwa aliyempa. Kinachokaribia kupanga kinaitwa bwasa: mtu anapewa sehemu kwa muda, analipa kwa kazi au kwa pombe ya ndizi, na siku moja anaweza kuambiwa aondoke. Kwa neno langu moja nilimtoa baba mdogo katika kalinzi nikamtia katika bwasa. Upande wa pili haukuwa na haja ya kutafuta shahidi mwingine. Ulikuwa na PV, na PV ilikuwa na alama ya kidole cha baba mdogo mwenyewe.

Siandiki makala hii ili kuomba msamaha. Hilo nimeshalifanya nyumbani. Naandika kwa sababu mwaka huu, nikitafuta mfano wa lugha na sheria kwa ajili ya somo la isimujamii, nilikutana na historia ya vijiji vya Ayalandi kati ya 1814 na 1838. Sisi Wakongo tukisikia Ayalandi tunamkumbuka Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, aliyeandika ripoti ya 1904 juu ya mateso ya mpira katika Dola Huru la Kongo. Nilianza kwa Casement, nikataka kujua nchi iliyomzaa, na nikirudi nyuma miaka 70 na zaidi nikakuta wakulima, polisi na karatasi. Humo nikaona kwamba kosa langu lina ukoo mrefu.

Kwanza hali yenyewe. Tangu 1801 Ayalandi ilitawaliwa chini ya bunge moja na Uingereza, na bunge hilo lilikaa London. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa ya mabwana wachache, wengi wao Waprotestanti, na baadhi yao hawakuishi kwenye ardhi hiyo hata kidogo. Chini yao walikuwapo wakulima wakubwa waliopanga mashamba, halafu wakulima wadogo, halafu vibarua. Kibarua alikodi kipande cha udongo kwa msimu mmoja ili apande viazi vya kulisha watoto. Mpango huo uliitwa «conacre». Kisheria mtu wa conacre hakuwa hata mpangaji: alikuwa na ruhusa tu ya kutumia udongo kwa mavuno moja. Nilipofika kwenye neno hili nilifunga kitabu kwa muda. Bwasa na conacre si kitu kimoja, najua, lakini wote wawili, wa Bushi na wa Ayalandi, wanalima wakijua kwamba neno linalotaja haki yao ni jepesi.

Juu ya kodi kulikuwa na zaka. Wakulima walidaiwa zaka ya Kanisa la Ayalandi, yaani kanisa la Kianglikana lililokuwa la serikali, ingawa walio wengi nchini walikuwa Wakatoliki. Tangu 1735 malisho ya ng'ombe yalikuwa yamesamehewa kwa sehemu kubwa, ilhali katika kaunti za kusini hata viazi vya maskini vilitozwa. Mwenye ng'ombe wengi alipumua, mwenye viazi alilipa. Sheria ya 1823 ikaanza kuyaingiza malisho nayo kwenye hesabu. Matokeo yake hayakutarajiwa: wafugaji wenye mali, waliokuwa wametulia miaka yote hiyo, wakajiunga na maskini katika kuikataa zaka.

Sasa tuje kwenye lugha. Sheria ya 1737 ilikuwa imeamuru kwamba shughuli za mahakama nchini humo ziendeshwe kwa Kiingereza. Lakini katika kaunti za kusini na za magharibi watu wengi sana walisema Kiayalandi, ambacho wenyewe wanakiita Gaeilge, na si wachache waliokuwa hawajui lugha nyingine. Kwa hiyo kaunti zikawa zinalipa wakalimani wa mahakama. Katika mji wa Callan, kaunti ya Kilkenny, mwalimu mmoja wa shule, Amhlaoibh Ó Súilleabháin, aliandika shajara yake kwa Kiayalandi kuanzia 1827 hadi 1835. Naitaja shajara hiyo ili tusidhani kwamba lugha ile ilikuwa ya mdomo tu. Ilikuwa na maandishi na wasomi wake. Ilichokosa ni mlango wa kuingilia katika karatasi ya serikali.

Polisi nao walikuja hatua kwa hatua. Zamani kila kaunti iligawanywa katika sehemu zilizoitwa baroni, na kila baroni ilikuwa na makonstebo wake, wengi wao wazee wasio na mafunzo. Mambo yakiwa mabaya, mahakimu waliita jeshi. Mwaka 1814 Robert Peel, aliyekuwa Katibu Mkuu wa serikali ya Ayalandi tangu 1812, alipitisha sheria ya kuunda kikosi cha kulinda amani. Baroni ikitangazwa kuwa na fujo, ilipelekewa hakimu wa mshahara pamoja na askari wake, na gharama yao ikatozwa wenyeji. Ya kwanza kutangazwa ilikuwa Middlethird, katika kaunti ya Tipperary, Septemba 1814. Wananchi wakawaita askari hao «Peelers», watu wa Peel. Wengi wanajua jina hilo kwa sababu ya polisi wa London walioundwa na Peel huyohuyo mwaka 1829, lakini lilizaliwa mashambani mwa Ayalandi miaka 15 kabla yake. Sheria ya 1822 ikaweka polisi katika kila kaunti, na ile ya 1836 ikawaunganisha wote kuwa jeshi moja la polisi, wenye silaha, wanaokaa kambini, na kwa kanuni hawapangwi kazi katika kaunti walikozaliwa. Tazama maana ya kanuni hiyo kwa macho ya mwanaisimu: polisi mzuri ni yule asiye na shangazi kijijini. Hata kama alizaliwa katika Kiayalandi, alisimama mbele ya watu kama mgeni.

Wakulima hawakukaa wanatazama. Tangu 1761 katika Tipperary kulikuwa na vikundi vya usiku vilivyovaa mashati meupe juu ya nguo, Buachaillí Bána, yaani Vijana Weupe. Kati ya 1806 na 1811 kulikuwa na Shanavests na Caravats, majina yaliyotoka katika Kiayalandi, moja likitaja kizibao kikuukuu na jingine tai ya shingoni. Makundi haya mawili yalipigana yenyewe kwa yenyewe, moja likiwa karibu zaidi na wakulima wenye nafasi, jingine na vibarua. Hilo lilinisaidia kuacha wazo langu la kwanza, kwamba ni hadithi ya Waayalandi kwa upande mmoja na Waingereza kwa upande mwingine. Ndani ya kijiji kilekile kulikuwa na aliyekodisha conacre na aliyeikodi. Katika kaunti ya Clare, karibu na 1831, watu walioitwa Terry Alts walikwenda usiku na majembe, wakapindua majani ya malisho, ili mwenye shamba asiwe na njia ila kulitoa kwa wapanda viazi.

Lakini kilichonishika zaidi ni barua. Mwaka 1821, kwenye ardhi ya mheshimiwa Courtenay karibu na Newcastle West, kaunti ya Limerick, wakala mpya aitwaye Alexander Hoskins aliwabana wapangaji kwa kodi na madeni. Hapo akazaliwa «Kapteni Rock». Hakuwa mtu mmoja. Lilikuwa jina la kutia sahihi, na hadi 1824 lilikuwa limeenea katika kaunti nyingi za kusini. Barua zenye sahihi hiyo zilibandikwa milangoni usiku. Ziliamuru kodi ipunguzwe, ziliweka siku za mwisho, zilimkataza mtu kuchukua shamba la jirani aliyefukuzwa. Na nyingi ziliandikwa kwa mtindo wa matangazo ya serikali: notisi, amri, cheo, tarehe. Ziliandikwa kwa Kiingereza, hata mahali ambapo jioni watu waliongea Kiayalandi.

Kwa nini Kiingereza? Jibu rahisi ni kwamba waliojifunza kuandika walijifunza kwa Kiingereza. Nalikubali, lakini naona halitoshi. Wakulima hao walikuwa wameona kwa macho yao jinsi karatasi inavyofanya kazi: mtu anafukuzwa na karatasi, ng'ombe anachukuliwa na karatasi. Wakajifunza umbo lake kabla ya kupewa nafasi ya kusikilizwa ndani yake. Katika darasa la pragmatiki tunasoma juu ya vitendo-usemi, maneno ambayo kuyasema ni kutenda: nakuamuru, nakuoza, nakuhukumu. Walimu wetu wanatuambia kwamba maneno hayo hufaulu tu yakisemwa na mwenye mamlaka. Kapteni Rock hakuwa na mamlaka yoyote ila giza la usiku, na barua zake zilitiiwa na wengi. Sisemi zilitiiwa kwa haki. Zilitiiwa kwa sababu nyuma ya barua kulikuwa na moto na risasi, kama vile nyuma ya notisi ya mahakama kulikuwa na kambi ya polisi.

Serikali nayo ilikuwa na kamusi yake. Chini ya sheria ya maasi iliyorudishwa mwaka 1822, katika sehemu iliyotangazwa, mtu aliyekutwa nje ya nyumba yake baada ya jua kuzama bila sababu ya kuridhisha aliweza kuhukumiwa bila juri na kupelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Fikiria mtu huyo anajieleza kwa Kiayalandi kwa nini alikuwa njiani, na mkalimani anatafuta neno. Halafu kuna neno ambalo polisi walilitumia katika ripoti zao kwenda Dublin: «outrage». Uuaji uliitwa hivyo. Kuchoma nyumba kuliitwa hivyo. Barua mlangoni, hivyo. Kupindua majani kwa jembe, hivyo. Neno moja lilikusanya vitendo ambavyo mwanakijiji asingevichanganya hata siku moja, na huko ofisini vikawa hesabu: kaunti hii ina kadhaa, ile ina kadhaa. Mtu akisoma hesabu hizo anaona kaunti inawaka. Haoni ni wangapi waliomwaga damu na ni wangapi waliolima malisho.

Mwaka 1831 upinzani dhidi ya zaka ulianza kuwa wa wazi, kutoka Graiguenamanagh katika kaunti ya Kilkenny. Watu waliijua sheria vizuri kuliko ilivyodhaniwa. Walijua kwamba ng'ombe hawezi kukamatwa usiku wala akiwa amefungiwa ndani. Basi mchana polisi wakionekana, pembe zinapulizwa, kengele za kanisa zinalia, ng'ombe wanaingizwa na kufuli linafungwa. Walijua pia kwamba hati ya mahakama haina nguvu mpaka imfikie mdaiwa. Sheria ilikuwa haijasema mpaka mpeleka hati amefika. Ndiyo maana wapeleka hati waliwindwa kuliko mahakimu. Kuna waliolazimishwa kuzila karatasi zao wenyewe. Ukatili huo una mantiki yake ya lugha: anayeila hati anairudisha sheria mdomoni kabla haijasikika.

Tarehe 14 Desemba 1831, huko Carrickshock, kaunti ya Kilkenny, mpeleka hati Edmund Butler alikuwa anagawa hati za zaka akilindwa na polisi wapatao 40 chini ya James Gibbons. Umati uliwafuata hadi kwenye njia nyembamba yenye kuta za mawe pande mbili. Walitaka jambo moja: wapewe Butler. Gibbons akakataa. Mawe yakaanza, bunduki zikalia, na katika dakika chache Butler, Gibbons na polisi zaidi ya 10 walikuwa wamekufa, pamoja na watu kadhaa wa umati. Mwaka uliofuata washtakiwa walitetewa na mwanasheria mashuhuri Daniel O'Connell, na kesi zikaanguka bila mtu kuhukumiwa kwa mauaji. Nyimbo zikatungwa.

Nilisoma habari za Carrickshock mara nyingi, na kila mara nilimfikiria Butler. Hakuitunga zaka, hakuiandika hati. Alikuwa amebeba maneno ya watu wengine kutoka upande mmoja kwenda upande mwingine, na kwa wale aliowapelekea, yeye ndiye aliyekuwa maneno hayo. Sitaki kujifananisha na mtu aliyeuawa. Lakini nilipokuwa nimekaa kati ya baba mdogo na OPJ niliamini kwamba mimi ni njia tu, kama bomba ambalo maji yanapita. Historia hii imenionyesha kwamba hakuna aliyewahi kuwa bomba. Anayebeba neno analibadilisha, au analitia nguvu, na anahesabiwa nalo.

Vita vya zaka vilikwisha kwa jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Sheria ya 1838 ilipunguza zaka kwa robo, na iliyobaki ikageuzwa kuwa tozo ya mwenye ardhi, ambaye naye aliweza kuitia katika kodi ya mpangaji. Mtoza zaka akatoweka barabarani. Neno «zaka» likatoka mdomoni mwa watu, na sehemu kubwa ya fedha ikaendelea kutoka mfukoni mwa walewale ikiwa na jina jingine. Utulivu ulirudi kwa sehemu kwa sababu kitu kilibadilishwa jina.

Na mkalimani? Miaka zaidi ya 40 baadaye, mwaka 1882, mtu wa magharibi aitwaye Maolra Seoighe, kwa Kiingereza Myles Joyce, alishtakiwa Dublin kwa mauaji ya familia moja huko Maamtrasna. Alisema Kiayalandi tu. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza na mkalimani alikuwa konstebo wa polisi. Alinyongwa Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2018 rais wa Ayalandi alitia sahihi msamaha wa kumtakasa, baada ya miaka 136.

Baba mdogo hakunyongwa. Kesi ya shamba ilimalizika kwa mapatano ambayo yalimwachia sehemu ndogo kuliko aliyokuwa nayo, na hajawahi kunitukana. Likizo iliyopita nilimwomba anieleze kalinzi kwa Mashi huku nikirekodi. Aliongea karibu saa nzima: nani hutoa, nani hupokea, nani hushuhudia, nini hutokea mpokeaji akifa, mtoto wa kike anapata nini. Mwishoni akaniuliza: «Siku ile ulisema nini kwa yule bwana?» Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akauliza kwa nini sikuliacha neno lenyewe, kwani OPJ alikuwa anajua kuandika.

Swali hilo nalileta mbele ya walimu wetu na wenzangu. Wengi wetu hapa tumeshaitwa, au tutaitwa, kumtafsiria mama, shangazi au jirani mbele ya karatasi. Hakuna aliyetufundisha kwamba mkalimani ana haki ya kusema: neno hili halina mwenzake kwa Kifaransa, liandike lilivyo, kisha mimi nitalieleza. Kitivo chetu kinafundisha Mashi, Kilega, Kihavu, Kifulero. Tuna fonolojia zake, tuna ngeli zake. Hatuna orodha moja ya maneno ya ardhi ya lugha hizi, pamoja na maelezo ambayo OPJ au hakimu anaweza kuyasoma kwa dakika tano. Mimi nimeanza na kalinzi na bwasa, na rekodi ya baba mdogo iko tayari kuandikwa. Ambaye nyumbani kwao kuna maneno ya namna hii, aje tukae pamoja.